Ofisi ya Mpwapwa Iliyokuwepo Kwenye Makala Tu

Naituma hii humu nikiwa nimeudhika, na nitaituma tena kesho nikiona hamkuisoma. Isomeni mpaka mwisho, halafu mpelekeeni yule jamaa yenu anayependa kujiandikia sifa.

Palikuwa na mkurugenzi mmoja, Lameck Chidawali, mwenye kampuni iitwayo Lipatulie. Kazi yake ni ile mnayoijua: unalipia maji, umeme na king'amuzi kwa simu, bila kupanga foleni. Kampuni haikuwa mbaya. Siku nyingi umeme uliingia. Siku usipoingia ndipo ungejua huna wa kumlalamikia, maana ukipiga huduma kwa wateja unasikilizishwa muziki tu.

Kampuni hiyo ilikuwa na makala kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea. Makala ilikuwa fupi na mbovu. Mwalimu Perpetua, anayefundisha jiografia sekondari huko Dodoma, akaamua kuiboresha. Hakuna aliyemlipa. Ndivyo alivyo, akiona kitu kimeandikwa hovyo hapati usingizi.

Lameck naye akaamua kuiboresha, ila kwa namna yake. Akawaambia watu wake wa mawasiliano waandike kwamba Lipatulie ni kinara wa Afrika, inapendwa na wote, na ina ofisi kila wilaya, ikiwemo Mpwapwa, jirani na stendi ya mabasi.

Mwalimu akafuta. Wakarudisha. Akafuta tena, wakarudisha tena. Sifa za ukinara hazikumsumbua sana, hizo msomaji anaziruka mwenyewe. Kilichomtia hasira ni ofisi. Mpwapwa anaijua, dada yake ameolewa kule, na jirani na stendi hakuna ofisi ya namna hiyo. Akawaandikia sheria ya ensaiklopidia: kila jambo lionyeshe chanzo chake, na chanzo kisiwe wewe mwenyewe.

Kumbe kawaonyesha njia. Haukupita muda gazeti moja likatoa habari za Lipatulie, na ofisi ya Mpwapwa imo. Wale watu wakaliweka gazeti kama chanzo. Mwalimu akamtafuta mwandishi, akamuuliza habari ile kaipata wapi. Mwandishi akajibu bila aibu kwamba kaitoa kwenye ensaiklopidia.

Hivi mnaelewa? Waliandika uongo, gazeti likaunakili, kisha wakalileta gazeti kuwa shahidi wa uongo wao. Mwalimu akawaeleza wenzake wa kujitolea mpaka koo likamkauka. Wakamwambia gazeti ni gazeti, tuendelee na mengine. Jamani, watu wengine wanachosha.

Akampigia Lameck mwenyewe.

"Mkurugenzi, ondoa hiyo ofisi. Kuna mtu umeme wake hautaingia, na atafunga safari kuifuata."

Lameck akacheka. "Mwalimu, hebu pumzika. Nani anasoma vitu hivyo akaviamini?"

Haya. Mama mmoja wa Kibakwe alikuwa amenunua vifaranga, ndio mtaji wake wote, akawaweka chini ya taa wapate joto. Asubuhi moja ya baridi kali umeme ukaisha. Akanunua mwingine kupitia Lipatulie. Hela ikakatwa, namba za kuingiza kwenye mita hazikuja. Akapiga simu, akasikilizishwa muziki. Akawafunika vifaranga kwa kanga, akapanda gari kwenda Mpwapwa, kwenye ofisi jirani na stendi.

Akakuta kinyozi, na pembeni yake chumba chenye kufuli. Kinyozi akamwambia hicho ni stoo ya mahindi, hapajawahi kuwa na ofisi hapo, na yeye amechoka kuulizwa. Mama akamjibu kwamba hajui analosema, ofisi imeandikwa. Akakaa kwenye benchi kusubiri wafungue. Akasubiri kutwa nzima, na huko nyumbani vifaranga wako kwenye baridi.

Jioni kinyozi uvumilivu ukamwishia. Akang'ang'ana na ile namba ya huduma kwa wateja mpaka mtu akapokea.

"Njooni mumchukue huyu mama," akasema. "Nimemwambia hakuna ofisi hapa. Ananijibu kwamba yeye ndiye aliyemzaa mwenye kampuni, na mwanawe hawezi kuandika uongo."

Taarifa ilipomfikia Lameck, mama yake alikuwa ameshapanda gari la mwisho kurudi. Alifika akakuta vifaranga wamekufa, wamelaliana kwenye kona ya boksi.

Lameck akampigia. Akamuuliza kwa nini hakumwambia yeye moja kwa moja. Mama akasema asingemsumbua mtu mwenye shughuli nyingi kwa habari za kuku. Tena alitaka aione ofisi ya mwanawe kwa macho yake, maana ile makala aliichapisha stesheneri, akaitia fremu, ipo sebuleni, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuonyeshwa.

"Mama, ofisi haipo," Lameck akasema. "Haijawahi kuwepo."

Mama akajibu:

"Labda mimi ndiye sikuuliza vizuri, mwanangu. Mbona imeandikwa?"

Lameck aliifuta ile sentensi mtandaoni kwa mkono wake mwenyewe. Ya kwenye fremu mama alikataa isiguswe.

Funzo: Uongo wa kujisifu haumdhuru adui yako, yeye hakukuamini tangu mwanzo. Unamdhuru anayekupenda, kwa sababu ndiye atakayefunga safari kuufuata.