Kijiji cha Akina Fulani

Paukwa!
— Pakawa!
Nikiita?
— Twaitika!
Nikisahau?
— Twakukumbusha!

Hapo kale, wanangu, kale ambayo hata mimi naililia, palikuwa na kijiji kando ya msitu. Msituni humo likakaa zimwi. Likisikia jina la mtu, huliita kwa sauti ya mama yake. Akiitika tu, haonekani tena.

Watu wakashauriana, wakayatupa majina. Kila mtu akawa Fulani. Fulani akamwoa Fulani, wakamzaa Fulani. Zimwi likaita Fulani, Fulani, Fulani, lakini hilo si jina la mtu, likakosa pa kushika.

Mama mmoja tu ndiye aliyeshindwa. Kila akimnyonyesha bintiye, alimnong'oneza: "Chiku wangu."

Siku moja asubuhi Chiku, keshakuwa msichana mdogo, akaenda kuchuma uyoga, akapotea msituni. Mama akaita, "Fulani!" Kijiji kizima kikaitika: "Naam!" "Abee!" Akaita tena, kikaitika. Akaita mara ya tatu, kikaitika. Sauti ya mwanawe ikapotelea humo humo.

Ndipo akapiga ukelele: "Chiku!"

Jirani akamziba mdomo. "We mama, una wazimu? Zimwi litasikia!"

"Na lisikie! Mwanangu naye asikie!"

Likasikia kweli. "Chiku!" likaita, sauti ile ile ya mama. Kabla mtoto hajafungua kinywa, mama akaitika: "Abee!" Likaita tena. Jirani yule yule akaitika: "Abee!" Likaita mara ya tatu, wakaitika wote, hata wazee wenye ndevu: "Abee!" Zimwi likakimbia huku, likakimbia kule, lisijue Chiku ni yupi. Pumzi zikaliisha, likaanguka, likafa.

Mama akaita tena. Chiku akatokea, uyoga mkononi.

Majina yakarudi, ngoma zikalia. Lakini waliokufa zamani za zimwi walizikwa akina Fulani. Mama Chiku akasimama kaburini kwa mama yake, ambaye jina lake yeye mwenyewe hakuwahi kulijua. "Fulani," akasema, "mjukuu wako amepona." Akalia sana.

Kwa hiyo mkinisikia nasema fulani, msinicheke. Nawawekea nafasi wale waliozikwa bila majina. Nanyi msifiche kwa hofu jina la mnayempenda. Mwiteni angali anasikia.

Hadithi nimeitua hapa, anayeitaka ajitwike. Na wewe unayesinzia pale, Chiku!

— Abee!

Ha! Mbona mmeitika wote?