Agusaye Ghala

Agusaye ghala amegusa kila chungu. Ndivyo katibu wa maji alivyomwambia mwenzenu asubuhi ya leo, nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni ghala gani na vyungu gani, kwa kuwa ofisini mwake hamna hata punje moja ya mahindi. Kaeni kitako. Asili ya maneno hayo ni hii.

Kijiji chetu cha Vuaga kinaishi kwa ndiva, yaani lile bwawa la udongo ambalo babu zetu walilichimba mlimani ili maji ya kijito yakusanyike usiku. Kukipambazuka ndiva hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji mkuu hadi kwenye kitongoji chenye zamu. Kila kitongoji kina lango lake la ubao. Kufungua lango siku isiyo yako ni wizi, na wizi wa maji kwetu hauhesabiwi pamoja na wizi wa kuku. Mwenye kosa hilo haitwi tena kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji. Na asiyeitwa huko ni kama asiye na kwao.

Zamani zamu ilitangazwa kwa pembe. Watu walipoongezeka, na zamu zikawa zinabadilishwa kwa sababu ya misiba na harusi, kamati ya maji iliamua kuwa na tovuti. Elinihaki, mwana wa Mrutu, aliyesomea kazi hiyo Arusha, ndiye aliyeitengeneza. Kila kitongoji kilipewa ukurasa wake. Kwa kuwa baadhi ya wasimamizi wa malango hawakujua kusoma, juu ya kila ukurasa palikuwa na picha: lango wazi kwa kitongoji chenye zamu, lango lililofungwa kwa vingine. Msimamizi alifungua simu alfajiri, akatazama picha, akajua la kufanya.

Sasa sikilizeni vizuri. Elinihaki hakuweka picha kwenye kila ukurasa. Aliweka picha mbili tu mahali pamoja, akapaita ghala, kisha akaziunganisha kurasa zote na ghala hilo. Ukurasa wenyewe haukuwa na picha. Ulichota tu kilichomo ghalani. Ulikuwa mpango mzuri, wala siulaumu. Picha ikipata doa, unaisafisha mara moja na kurasa zote zinatakata.

Jioni moja ya kiangazi alitakiwa kuwapa zamu watu wa Chanjale. Huko aliishi Mama Nakiete, mjane, ambaye maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Ua la haragwe likikosa maji hudondoka, na katika shamba lile ndimo alimotegemea kupata mbegu ya msimu uliofuata. Hakuwa na nyingine.

Kijana alikuwa na haraka, maana kwaya ilikwisha kuanza mazoezi. Ilimpasa aende kwenye ukurasa wa Chanjale, autenge na picha ya lango lililofungwa, auunganishe na ile ya lango wazi. Badala yake aliingia ghalani, akaiondoa picha ya lango lililofungwa, na mahali pake akaweka ya lango wazi. Akatazama ukurasa wa Chanjale, akaona lango wazi. Kurasa nyingine hakuzitazama. Akaenda kuimba.

Asubuhi Mama Nakiete alisimama shambani na jembe lake. Maji yalimfikia kama jasho, yakalowesha mdomo wa mfereji, yakakoma. Akapanda mlima akiufuata mfereji, hata akamkuta Mzee Senzota, msimamizi wa kitongoji cha juu, lango lake limeachwa wazi.

“Mzee Senzota, naona maharage yako yamelewa leo.”

“Yamekunywa haki yake, mama.”

“Haki ya nani? Leo ni Chanjale. Jana ulishika sahani ya sadaka kanisani, leo unashika maji ya mjane?”

Mzee Senzota hakupandisha sauti. Alitoa simu mfukoni, akaifuta kwa shati, akampa.

“Mimi sikusoma, nawe unajua. Natazama lango. Hilo limefungwa?”

Mama Nakiete aliona lango wazi. “Basi mwongo yupo,” alisema, “ila si wewe.”

Wakaenda pamoja ofisini. Huko waliwakuta wasimamizi wengine wakiitana wezi, na mmoja wao akitaka Senzota atengwe na msaragambo siku hiyohiyo. Elinihaki alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Kila mmoja ulionyesha lango wazi. Angeweza kusingizia mtandao, na hakuna ambaye angembishia.

“Hakuna aliyeiba,” alisema. “Kosa ni langu.”

“Lakini wewe ulibadili ya Chanjale tu,” mwenyekiti akamwambia.

“Nilidhani hivyo, mzee. Nilibadili ghala.” Akawaeleza alilolifanya.

Mama Nakiete akatikisa kichwa. “Kama ni ghala, nimekuelewa. Ukitia mchanga katika chungu changu, nitalala njaa mimi. Ukiutia ghalani, tutalala njaa sote. Agusaye ghala amegusa kila chungu.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe, mwanangu. Maua hayajui kusamehe.”

Hakuna aliyecheka. Zamu ya siku iliyofuata ilikuwa ya Senzota, naye akasema, “Shamba langu limekunywa. Kesho maji yapite kwangu bila kusimama.” Alasiri hiyo Elinihaki alichota maji kijitoni kwa ndoo, akamwagia matuta ya mjane hadi mabega yakamkataa. Mfereji ulipojaa kesho yake, maua mengi yalikuwa yamekwisha kudondoka. Mbegu ilipatikana, lakini kidogo. Mwaka ule Mama Nakiete alipanda nusu ya shamba, na nusu ikaota magugu, kila apitaye akaiona.

Tangu hapo kamati imeagiza kwamba atakaye kubadili kitu ghalani ataje kwanza, mbele ya mwenzake, kurasa zote zinazochota humo. Wengi huona ni usumbufu. Hao hawajaliona shamba lile. Mkono ni wako, nami sikukatazi kuutumia. Lakini kabla ya kuunyosha, jiulize ni akina nani wanaokula hapo. Agusaye ghala amegusa kila chungu.