Mgeni Ndani ya Chuma

Mji wa Kisimajabali ulitawaliwa na Sultani Muhidini bin Faraji, na nyuma ya kasri lake palikuwa na magofu ya mji wa kale, na humo Mwanaesha binti Sudi alizoea kuburuta jiwe la sumaku kwa kamba, akiokota misumari na vyuma vya kuwauzia wahunzi. Siku moja sumaku ikanasa kitu kidogo kama kokwa ya tende, cheusi, chenye ufa mmoja, na kilikuwa cha moto kama paji la mwenye homa.

Desturi ya mji ilikuwa kwamba chochote kitokacho magofuni hupelekwa barazani kwa Sultani kikatambuliwe, naye akakipeleka. Mchumba wa Mwanaesha, sonara Badawi, akakigeuzageuza, akacheka.

"Ee Maulana, hiki ni kishaufu, pambo tu, tena kibaya! Hata mbuzi wangu angekikataa."

Kabla hajamaliza kicheko, ulimi wake ukageuka chuma, na chuma kikaanza kuteremka shingoni, cheusi na baridi. Waziri akapiga kelele, "Basi ni kufuli!" naye yakamfika yale yale. Na ndani ya kile kitu ikatoka sauti nyembamba: "Siyo! Siyo!" Watu wakakimbilia mlangoni, wakakanyagana.

Sultani akasema, "Ewe binti Sudi, balaa hili umelileta wewe. Litambue, ama ukalitupe baharini."

"Nikilitupa, Maulana, nani atamfungua huyu?"

Chuma kilikuwa kimefika kifuani kwa Badawi, kikiutafuta moyo, na macho yake yalikuwa yakimtazama mchumba wake tu. Mwanaesha akakilaza kitu kile kiganjani, na jina la kubahatisha likamjia mdomoni, akalimeza kwa hofu. Ndipo akahisi kwamba nacho kinatetemeka, tena kuliko yeye. Akawaza: kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajapewa maji, na huyu tumemshikashika kama bidhaa ya sokoni.

"Karibu, mgeni wetu," akasema. "Kunywa kwanza. Habari tutaulizana baadaye."

Akatia maji katika ule ufa, na wote wakasikia mtu akimeza.

"Hii ni njuga ya mguuni kwangu," ikasema sauti ya mtoto. "Mimi ni binti wa jini. Mji ulipoungua nilijificha humu, na siwezi kutoka pasipo kukaribishwa."

"Toka basi, mwanangu."

Njuga ikalia, moshi ukatoka ukawa mtoto wa kike, na chuma kikawatoka wale wawili kama jasho. Mara paa likatikisika, na jini mkubwa akashuka, na watu wakaanguka kifudifudi wakitoa shahada; lakini yeye alimkumbatia mwanawe akilia kama mama yeyote, akammiminia Mwanaesha lulu mapajani, akatoweka pamoja na mtoto.

Badawi akamwoa Mwanaesha, na Sultani akasimamia harusi, nao wakaishi katika neema. Na ninyi mnaosikiliza, kumbukeni: usiyemjua mpe maji kabla ya kumpa jina, kwani huenda anayekutisha anakuogopa wewe.