Kiboko Anajichagua Kumi na Mmoja Bora wa Mwaka

Mpira?
Urushwe!
Gongo?
Lishikwe!
Na mimi?
Sema!

Basi nasema. Zamani hizo wanyama walikuwa wakicheza kriketi. Msigune! Mbona kriketi ni rahisi? Huyu anarusha mpira, yule anaupiga kwa gongo. Nyuma ya mpigaji vimesimama vijiti vitatu. Vijiti vikiangushwa, mpigaji ametoka. Mpira ukienda mbali, mpigaji na mwenzake aliye upande wa pili wanabadilishana nafasi, mbio, pata pata pata, kabla mpira haujarudi. Wakibadilishana, pointi. Ndiyo hiyo tu, kriketi.

Wanyama walitoka nchi zote. Simbamarara alitoka mashariki ya mbali, alikuwa akirusha mpira mpaka unalia fyuuu! Kangaruu alitoka kusini kabisa, mtoto yumo mfukoni, na akidaka mpira hujui kama umeingia mkononi au umemwangukia mtoto. Duma alikuwa mwenyeji, kazi yake kufukuza mipira iliyokwenda mbali. Walicheza mwaka mzima.

Mwisho wa mwaka huchaguliwa wachezaji bora, kumi na mmoja. Na zawadi yake haikuwa kikombe. Mwaka ule jua lilikuwa kali, mito imekauka, limebaki bwawa moja tu. Wakapatana hivi: wachezaji bora ndio wenye bwawa, wao na jamaa zao, mpaka mvua inyeshe. Wachezaji wakitoka kila nchi, kila nchi itakunywa.

Mwenyekiti wa kuchagua alikuwa nani? Kiboko. Nani alimpa uenyekiti? Alikaa kwenye kiti, kikavunjika, hakuna aliyethubutu kumwinua.

Wakakusanyika. Kiboko akakohoa, ghohh!

"Mpigaji bora wa mwaka," akasema, "ni Kiboko."

Wakapiga makofi kidogo, pa, pa.

"Mpigaji wa pili, Kiboko. Mrushaji bora, Kiboko. Mdakaji bora wa nyuma ya vijiti, Kiboko. Wa kulia, Kiboko. Wa kushoto, Kiboko. Wa mpakani kule mbali..."

"Kiboko," wakamalizia wenyewe, kwa unyonge.

Akaendelea hivyo mpaka wakatimia kumi na mmoja, wote Kiboko.

Kangaruu akamtazama mtoto wake, midomo imemkauka. Akasema, "Mheshimiwa, na sisi tutakunywa wapi?"

"Mwakani fanyeni bidii," akasema Kiboko.

Simbamarara akaanza kunguruma. Duma akasema wapigane. Wapigane na Kiboko? Yule akipiga mwayo tu unaona maini yake. Kila mmoja akamsukuma mwenzake mbele, hakuna aliyetoka.

Sasa palikuwa na Nguchiro. Kanyama kadogo, kembamba, mkia mrefu. Huyu mwaka mzima hakushika gongo, hakudaka mpira, alikuwa akikaa pembeni anakula mayai na kuwazomea wanaokosa. Nguchiro akaruka mbele, akapiga makofi, papapapa!

"Hongera, Mheshimiwa Mwenyekiti! Timu safi! Sijapata kuona timu inayoelewana hivi!"

Kiboko akatabasamu mpaka masikio yakacheza. "Angalau mmoja wenu ana akili."

"Ila wageni wametoka mbali," akasema Nguchiro. "Waondoke hawajaiona timu bora ikicheza? Si aibu kwetu wenyeji? Kamchezo kadogo tu, Mheshimiwa, ka kuwaaga. Mimi mtumishi wako nitakuwa mwamuzi."

"Sasa hivi!" akasema Kiboko.

Ilikuwa saa saba mchana. Jua, we acha tu.

Kangaruu akashika gongo, Simbamarara akasimama upande wa pili. Kiboko akaja kurusha, tindi, tindi, tindi, akarusha. Kangaruu akaupiga, paa! Mpira ukaenda, ukaenda, ukapotelea majanini.

Kiboko akasimama akiutazama. "Mbona hamna anayeufuata?"

"Aufuate wa mpakani," akasema Nguchiro.

"Wa mpakani nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Kiboko akakimbia, tindi, tindi, tindi. Akaupata mpira, akaurusha kuelekea kwenye vijiti. Ukapita vijiti, ukaenda zake upande wa pili.

"Mbona haudakwi?"

"Adake mdakaji."

"Mdakaji nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Akakimbia tena, tindi, tindi, tindi, anaufukuza mpira alioutupa mwenyewe. Wakati huo Kangaruu na Simbamarara wanabadilishana nafasi tu. Wakakimbia wakachoka kukimbia, wakatembea. Kangaruu akasimama katikati akamfuta mtoto pua, kisha akaendelea.

Kiboko akarudi anahema, hehh, hehh, ngozi imeanza kupasuka kwa jua. "Wa mpakani namtoa!" akasema.

Nguchiro akashika kichwa. "Kiboko? Mchezaji bora wa mwaka?"

"Kiwango kimeshuka! Mwekeni Duma."

Nguchiro akageukia watu. "Mwenyekiti amesema?"

"Amesema!"

Ukapigwa mwingine, paa! Kiboko akakimbia kulia. "Wa kulia namtoa! Kiwango kimeshuka!"

"Mwenyekiti amesema?"

"Amesema!"

Paa! Akakimbia kushoto, akajikwaa, akaanguka, puu! vumbi mpaka mawinguni. "Wa kushoto namtoa!"

"Amesema!"

Wakatoka hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kangaruu akapewa kudaka. Simbamarara akapewa kurusha. Swala akaingia, Mbuni akaingia, wa nchi hii, wa nchi ile. Wakabaki Kiboko wawili tu, wale wapigaji.

"Hawa siwatoi!" akasema Kiboko. "Hawa ndio roho ya timu."

"Basi tuwaone wakipiga," akasema Nguchiro.

Kiboko akashika gongo. Simbamarara akarusha, fyuuu! Kiboko akafumba macho, akapiga, paa! Kwa kweli aliupiga vizuri, tusimnyime haki yake. Mpira ukaenda mbali sana. Kiboko akakimbia, tindi, tindi, tindi, akafika upande wa pili, akainua gongo juu. "Pointi!"

"Bado," akasema Nguchiro. "Amefika wa huku. Wa kule naye aje upande wako wa zamani."

"Wa kule nani?"

Watu wote wakaitika, "Ni wewe, Mheshimiwa!"

Kiboko akageuka, akakimbia kurudi. Alipofika, Nguchiro akapiga kelele, "Sasa wa huku amerudi! Upande wa pili hakuna mtu!" Akageuka tena. Akaenda, akarudi, akaenda, ulimi nje. Duma akaja na mpira taratibu, anapiga mluzi, akaangusha vijiti, kwe! kwe! kwe!

"Ametoka!" akasema Nguchiro.

Kiboko akafura kwa hasira. "Kosa si langu! Ni la huyu mwenzangu! Nimekimbia peke yangu, yeye yuko wapi? Mvivu! Mtoro!"

"Unamtoa?"

"Namtoa! Na sitaki kumwona tena!"

"Amesema!" wakaitika. Akaingizwa Nyani.

"Kabaki mmoja, Mheshimiwa. Huyu je?"

Kiboko alikuwa keshalala mavumbini, miguu juu. "Huyu... huyu amechoka. Mwekeni yeyote. Hata wewe!"

Nguchiro akainamisha kichwa, mpole kama nini. "Mwenyekiti amesema?"

"AMESEMA!"

Siku hiyo wakanywa wote. Mtoto wa Kangaruu akanywa mpaka mfuko ukalowa. Kiboko akajikokota mpaka bwawani, akakuta Nguchiro kakaa ukingoni.

"Bwawa la wachezaji bora," akasema Nguchiro. "Wewe unacheza namba gani?"

Kiboko akalia. Kweli alilia, kubwa zima lile, machozi yanakauka kabla ya kufika shavuni. Kangaruu akaona huruma. Wakashauriana, wakamwingiza kuwa mchezaji wa akiba. Ndiyo maana hata leo mkimwona Kiboko kakaa majini mchana kutwa, pua na masikio tu nje, msidhani anastarehe. Anasikiliza kama anaitwa.

Ngano yangu imetoka uwanjani, anayeiweza aipokee, ikimshinda aiache ipite.

Na funzo? Funzo ni hili, watoto: ukitaka kuwa mchezaji bora wa mwaka, fanya mazoezi kila siku, jasho likutoke, usikose hata mchezo mmoja. Mtazameni Nguchiro.