Taa ya Kurudi Nyuma

Watu watatu nitawaleta mbele yenu, na mwisho mtanipa jibu. Asiyetaka kuumiza kichwa aondoke sasa, akalale na kuku.

Wa kwanza ni Sechelela, mwanamke aliyeogopwa na bati. Pale kijijini Mfupani alitengeneza majiko, ndoo na karai, na akishika nyundo hata mumewe alizungumza kwa adabu. Mpe chuma kilichokunjamana kama uso wangu, atakurudishia kimenyooka.

Wa pili ni Chibago, fundi wa umeme. Shule aliiacha mapema kama mimi, lakini nyaya zilimsikiliza. Redio iliyokwisha kugeuzwa kiota cha mende aliifanya isome habari. Kasoro yake ilikuwa masikio: ukimwambia neno anasikia nusu, nusu ya pili anajitungia.

Wa tatu ni Ndahani, dereva. Gari alilojifunzia lilikuwa bovu, limebakiwa na gia ya rivasi peke yake, basi alijua kurudi nyuma kabla ya kujua kwenda mbele. Watu wakamwita Kinyumenyume. Akacheka nao, akaendelea kurudi.

Wote watatu walifanya kazi kwa Mzee Masaka, mwenye ng'ombe wengi, Landrova moja, na mdomo mmoja uliofanya kazi ya midomo kumi.

Landrova hiyo ilibeba mapipa ya maji kutoka kisimani. Foleni ya kule mnaijua: zamu yako inafika jua limekwisha kuzama. Kupakia mapipa gizani kulikwisha kuvunja vidole vya watu. Mzee Masaka akawaita mafundi wake.

"Nataka taa ya nyuma," akasema. "Kubwa. Imulike pale tunapopakia."

Sechelela akachukua sufuria kuukuu la kupikia pilau za harusi, akalikata kitako kwa tindo, akakigonga mpaka kikawa bakuli, akakisugua kwa majivu mpaka ukiangalia ndani unahesabu meno yako. Akalifunga bakuli hilo kwa boliti nyuma ya gari, juu ya bampa. Ukingo wake ulibaki mkali kama wembe.

"Ukunje huo ukingo, dada," Ndahani akamwambia. "Utamkata mtu."

"Kesho. Wewe unakata watu kila siku kwa ulimi na hakuna aliyekukunja."

Chibago akatia balbu ya lori ndani ya bakuli, akapitisha waya chini ya gari mpaka kwenye gia. Mzee akaja kuona. Swichi ya kuwashia akaitafuta, hakuiona.

"Inawaka wapi?"

"Ndahani, tia rivasi," akasema Chibago.

Ndahani akatia. Taa ikawaka, mbuzi wakafumba macho. Akaitoa gia, taa ikazima.

"We Chibago," Mzee akasema polepole, na akisema polepole ujue pana balaa. "Nilisema taa ya nyuma. Nani alikwambia taa ya kurudi nyuma?"

"Si ndiyo hiyo hiyo, Mzee? Iko nyuma, na gari linarudi nyuma."

"Nipakie maji huku gari linanikanyaga?"

"Ndahani atashika klachi."

"Na mguu wake ukifa ganzi, nitashikiwa na mama yako?"

"Nitabadilisha kesho, Mzee."

Hapo sasa zikawa kesho mbili, ya ukingo na ya swichi. Haikufika hata moja, kwa sababu wezi wa ng'ombe walifika kwanza.

Walitoka ng'ambo ya korongo, jua likiwa linatua. Mlewa, kitinda mimba wa Mzee, alikuwa akiingiza ng'ombe zizini. Wakampiga panga, mkono wake ukaanguka chini ungali umeshika fimbo. Mbwa akarukia, wakamtoboa mkuki ukamshona ardhini, akabaki akipiga miguu. Mmoja wao, jitu moja pana liitwalo Ng'humbi, akaiendea Landrova kwa rungu akazipasua taa zote mbili za mbele.

"Haya, tufuateni kwa vibatari!" akacheka.

Wakaswaga ng'ombe wote, pamoja na Kipara, fahali mweupe usoni ambaye Mzee alimpenda kuliko wakeze, na wakeze walilijua hilo.

Mzee alikuwa amepiga magoti, amefunga kigutu cha mwanawe kwa kanga, damu imempanda mpaka viwikoni. Akapaza sauti: "Atakayenirudishia ng'ombe wangu, Kipara ni wake!"

Giza likawa linaingia. Ndahani akaiangalia Landrova, akaangalia mbele yake, akaangalia nyuma yake.

"Mbele ni kipofu," akasema. "Nyuma ina jicho. Pandeni."

Sechelela na nyundo yake, pamoja na Chibago, wakarukia nyuma. Ndahani akatia rivasi, akatoa kichwa dirishani, shingo ameipinda kama kuku wa kuchinjwa, akaondoka kinyumenyume kwa mwendo ambao wewe ukienda mbele huwezi. Mashimo, visiki, kona za korongo, vyote akavichukua kwa mgongo. Tawi la mwiba likamchana shavu mpaka jino likaonekana. Hakupunguza mwendo.

Kwenye shimo la kwanza kubwa, waya ukachomoka. Taa ikafa. Chibago, aliyekuwa nyuma amelala kifudifudi, akazishika ncha mbili kwa vidole, akazikutanisha. Taa ikafufuka, na vidole vikaanza kuungua. Mshale ukatoka kichakani ukamwingia begani. Akapiga kelele kama nguruwe, lakini ncha hakuziachia. Ngozi ya vidole vile ilibaki kwenye ule waya.

Yakafuata mawe. Jiwe moja lingeiua balbu, ila Sechelela alikuwa ameinama juu ya bakuli lake. Jiwe likamvunja ubavu, la pili likampasua kichwa. Bakuli lilipobonyea alilisukuma nje kwa ngumi, akalielekeza tena njiani. Damu ikimwingia machoni aliifuta kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Penye njia nyembamba walikuwa wamebaki wezi watatu kulinda nyuma, na Ng'humbi kati yao. Maneno yao tuliyapata baadaye kwa mmoja wao aliyekamatwa hai. Waliona mwanga unakuja, mmoja tu.

"Taa moja," akasema Ng'humbi. "Hiyo ni pikipiki. Simameni katikati, akifika mpigeni rungu la kichwa."

Kwetu huku taa moja ni pikipiki. Hata mtoto wa kunyonya anajua. Wakajipanga njiani bega kwa bega, marungu juu, wakimsubiri mwendesha pikipiki. Wakapata Landrova.

Wa kwanza gurudumu lilimpitia mapajani. Mlio ule Ndahani anausikia hadi leo akitafuna mfupa. Wa pili akatupwa kando, akainuka na panga kulidandia gari, akakutana na nyundo ya Sechelela iliyompeleka taya upande wa sikio. Ng'humbi alikuwa na nafasi ya kuruka. Hakuruka. Mwanga ulimjaa machoni, akasimama amejikinga kwa mkono kama mtu anayetafuta jua. Bampa likamvunja nyonga, akaangukia taa, na ule ukingo usiokunjwa ukamfungua koo.

Damu ikajaa kwenye bakuli, ikaifunika balbu. Mwanga ukawa mwekundu, njia nzima nyekundu, miti myekundu. Wezi waliokuwa mbele na ng'ombe wakageuka, wakaliona jicho hilo linawajia. Sijui walidhani ni nini. Waliacha ng'ombe wakakimbia.

Kulipokucha Kipara alifungwa kwenye mti uani, na wale watatu, wamefungwa matambara kama maiti zilizokataa kuzikwa, wakaanza kugombana.

"Kipara ni wangu," akasema Ndahani. "Nani aliyemgonga Ng'humbi? Gari lilijiendesha?"

"Ungemgonga wapi bila kumwona?" akasema Chibago. "Mwanga ndio uliomfunga miguu. Tazama vidole vyangu, kaka, hata ugali sishiki."

"Nyonga ikivunjika mtu hafi," akasema Sechelela. "Aliyekata koo ni sufuria langu. Nipeni fahali wangu nikalale."

Walikuwa karibu kurushiana mawe alipoingia mzee mmoja kutoka ng'ambo, ameshika tawi bichi, alama ya mjumbe asiyepigwa. Alikuwa ametumwa na ndugu zake Ng'humbi.

"Hatuulizii ng'ombe," akasema. "Ng'ombe mlichukua kwa haki yenu. Tunataka jina. Nani alimuua ndugu yetu? Mkitupa jina moja, tutamtafuta huyo peke yake. Msipotupa, jua likizama tutachoma kila paa, na watoto ndani."

Desturi ya huku mnaifahamu, na kama hamuifahamu nawaambia: fahali wa vita na damu ya vita havitengani. Aliyeua ndiye anayeshika kamba ya fahali, na anayeshika kamba ndiye aliyeua. Hakuna kumpokea mnyama ukaiacha damu.

Wale watatu wakarudi hatua moja kutoka kwa fahali. Kisha Ndahani akakohoa.

"Nyonga ikivunjika mtu hafi. Dada Sechelela amesema kweli."

"Mimi nilitengeneza bakuli," akasema Sechelela. "Bakuli lisilosukumwa na gari halikati hata nyanya."

"Mimi nilishika waya," akasema Chibago. "Tangu lini mwanga ukaua mtu? Basi mkamateni jua."

Mlewa, kigutu kinamvuja, akacheka mlangoni. "Asubuhi Ng'humbi alikuwa na wauaji watatu. Sasa amejifia."

"Mzee," Sechelela akamgeukia Masaka, "aliyeagiza taa ni wewe. Na aliyetoa ahadi ya fahali ni wewe."

"Mimi nilisema taa ya nyuma!" Mzee akafoka. "Taa ya nyuma! Ya kupakia maji!"

Mjumbe akakaa chini na tawi lake. Hakuwa na haraka, jua lilikuwa lake.

Saa sita ikapita. Yule fahali waliyetaka kutoana macho kwa ajili yake akawa analia kiu, na ndoo ya maji iko hatua chache tu, lakini hakuna aliyesogea, maana kumnywesha lazima umshike kamba. Vivuli vikaanza kurefuka. Akina mama wakaanza kutoa watoto ndani ya nyumba.

Mimi nimemaliza yangu, na koo limenikauka kama la Kipara. Kamba ile pale. Bila Ndahani ng'ombe wasingefikiwa. Bila Chibago kusingekuwa na mwanga. Bila Sechelela mwanga usingefika njiani. Na bila neno la Masaka kusingekuwa na taa yoyote. Msiniambie wagawane: fahali mnaweza kumkata vipande, lakini mjumbe anataka jina moja, na jua halingoji.

Je, wewe ungemkabidhi nani ile kamba?