Papa na Chiriku kwenye Mlango wa Mfalme

Isome hii hadi mwisho, kisha mtumie yule mnayebishana naye kila siku.

Katika mji mmoja wa pwani, binti wa mfalme hakutoka kwenda kwa mumewe ila kwa mlango mpya wa nakshi. Mlango huo una pande mbili, dume na jike, na wazazi wa bibi harusi ndio huchagua kiumbe cha kuchongwa juu yake.

Harusi ya Mwanaesha ilikuwa Ijumaa. Jumatano mbao zilikuwa bado tupu, na fundi amejilalia zake kivulini.

Baba yake, Mfalme Bwanadi, alitaka papa nyundo, ili adui akiuona mlango agwaye. Mama yake, Malkia Rukia, alitaka chiriku, maana nyumba isiyo na furaha haina haja ya mlango mzuri. Kila mmoja alisema chaguo la mwenzake litawatia aibu mbele ya wageni. Hata mezani walinuniana. Maskini Mwanaesha alimpenda mchumba wake, na sasa aliiona harusi ikimponyoka hivi hivi.

Mwishowe akapendekeza shindano. Baba amsifie chiriku, mama amsifie papa, na atakayesifia vizuri zaidi ndiye atakayechagua. Wakakubali upesi, kila mmoja akijiona ameshashinda.

Mfalme akakuna kichwa. "Ni mdogo, anaenea kiganjani. Lakini ndiye huniamsha alfajiri, na sijawahi kuamka kwa sauti yake nikiwa na hasira."

Malkia akamtazama mumewe, uso ukamlainika. "Papa nyundo macho yake yako pembezoni mwa kichwa. Huona kushoto, akaona na kulia. Mimi nawe, bwana, wiki nzima tumeona upande mmoja tu."

Mwanaesha akawauliza sasa wanachagua nini.

"Chiriku," akasema mfalme.

"Papa," akasema malkia.

Na ubishi ukaanza upya, huu wa sasa mkali kuliko wa kwanza!

Mwanaesha alicheka hadi akashika mbavu, kisha akamwamsha fundi. Upande dume ukachongwa chiriku, upande jike ukachongwa papa. Ijumaa pande zote mbili zikafunguliwa, bibi harusi akatoka. Wageni walipouliza mbona mambo yamegeuzwa, chiriku mpole upande dume na papa mkali upande jike, mfalme na malkia walitazamana wakacheka.

Funzo: Ukitaka kumaliza ubishi, kisifie kwanza anachokipenda mwenzako, huenda ukaishia kukipenda kuliko yeye.