Profesa Fisi Aliyekula na Maganda

Enzi wanyama walipokuwa na chuo chao, ukame uliingia nyikani ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ilikauka, na watoto wa swala wakawa wanalamba mawe. Mfalme Simba, ambaye hakuwahi kukiri kwamba ana kiu, akatangaza: "Atakayewasilisha dawa ya kiu mbele ya Baraza la Utafiti atakalia kiti cha Mkuu wa Chuo."

Kiti hicho Bi Sungura alikitaka, wala hakuona haya kusema. Mkuu ndiye aliyeamua nani atafiti nini, na kwa miaka mingi chuo kizima kilikuwa kikitafiti urefu wa ndevu za Simba. Tatizo lilikuwa sheria ya Baraza: asiye na ndevu hasemi. Majike waliruhusiwa kuchimba, kupima, kuonja na kupika chai. Matokeo yalisomwa na dume.

"Lakini nina masharubu," Bi Sungura alikumbusha kila mwaka.

"Masharubu si ndevu," Simba alijibu kila mwaka.

Bi Sungura hakukaa kulia. Yeye na mwenzake Bi Nungunungu, mchimbaji asiye na mpinzani, walizunguka nyika wakifukua mizizi. Siku moja wakapata kiazi kikubwa, kimejaa maji kama tikiti. Bi Nungunungu akaking'ata na ganda lake. Mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka miiba yake ikagongana, akabingirika mtaroni.

"Unacheka nini, mwenzangu?"

"Sijui. Hakuna cha kuchekesha. Nisaidie."

Basi wakaingia kazini. Walionja kiazi chenye ganda, wakaonja kilichomenywa, wakalamba kila walichokiona ili kukata kicheko: udongo, majani, chumvi. Mwishowe wakajua. Kicheko kilikuwa kwenye ganda tu, na dawa yake ilikuwa majivu. Ukikimenya, kiazi ni maji matupu, tena matamu. Bi Sungura alirukaruka kwa furaha, akasahau kabisa kwamba ni mtafiti mwenye heshima zake.

Zamu ya kusoma matokeo ilikuwa ya Profesa Fisi, mwenye vindevu vya kuhesabika na tumbo lisilojua likizo. Alikuja, akanusa kikapu cha viazi, mate yakamdondoka.

"Jina langu litatangulia," alisema. "Lako tutaliweka kwenye shukrani, mwishoni, baada ya mpishi wa chai."

"Mpishi wa chai ni mimi."

"Basi utatajwa mara mbili. Una bahati, dada."

"Haya, kaka Profesa. Ila ngoja nikueleze namna ya kukila, maana lile ganda—"

"Mimi Fisi nifundishwe kula?" Akatupia kikapu begani, akaenda zake.

Miiba ya Bi Nungunungu ilisimama kwa hasira. "Mkimbilie umwambie."

"Nimemwambia, hataki kusikia," alisema Bi Sungura, na masikio yake yakaanza kucheza, kama yalivyocheza kila alipopata hila. "Wewe kalete majivu. Gunia zima."

Barazani, Fisi alipanua kifua. "Kiazi hiki nimekigundua mimi, peke yangu, kwa jasho langu." Akawagawia wenye ndevu wote, akianza na Simba. Kikubwa kuliko vyote alijiwekea mwenyewe, akakimeza na ganda, akadaka kingine. Majike walisimama nyuma na birika zao, hawakupewa hata kipande.

Simba alitangulia. "Hi," alisema. Akajikohoza kifalme. "Hi hi." Kisha mfalme wa nyika akaporomoka kitini, akawa anapiga sakafu kwa makucha. Beberu akafuata, Nyumbu akafuata, baraza zima likawa chini, ndevu vumbini.

"Profesa, hi hi, hii ni nini?"

"Hali ya hewa, ha ha, Mtukufu."

"Inakatikaje?"

"Kwa kula kingine." Na Fisi akala kingine.

Simba, mbavu zikimuuma, akaona mkono wa Bi Sungura umenyooshwa juu. "Unajua dawa?"

Bi Sungura akaitikia kwa kichwa.

"Basi sema."

Bi Sungura akaonyesha kidevu chake kisicho na ndevu.

"Nakuruhusu, hi hi, wewe peke yako."

Akatikisa kichwa. Akamwonyesha Bi Nungunungu, akawaonyesha majike wote waliosimama na birika. Simba alitaka kunguruma, kikatoka kicheko chembamba kama cha kifaranga, na hapo kiburi kikamwishia. "Sheria imefutwa. Kwa wote, leo na siku zote. Sema, mama, nakufa."

"Ahsante, Mtukufu. Kwanza nina swali kwa mgunduzi. Profesa, kicheko hiki kinatoka wapi?"

Fisi akafungua kinywa. Kikatoka kicheko.

"Kwenye ganda," alisema Bi Sungura. "Na dawa ni majivu."

Bi Nungunungu akapita na gunia. Walilamba wote, wakanyamaza, wakatazamana kwa aibu, mfalme akiwa na majivu puani. Ni Fisi peke yake aliyesukuma gunia kando. "Majivu, ha ha, hayana nyama," alisema, na kicheko kikamzoea moja kwa moja. Mpaka leo hucheka peke yake porini, na hana raha yoyote.

Bi Sungura alikalia kiti cha Mkuu. Miguu yake haikufika chini, akaining'iniza na kuitikisa kwa furaha. Aliamuru viazi vimenywe, na watoto wa swala wanywe kwanza. Kisha akasoma utafiti wote kwa sauti yake mwenyewe, jina lake na la Bi Nungunungu yakiwa juu. Alipofika mwishoni akamtafuta Fisi kwa macho.

"Shukrani," alisoma. "Tunamshukuru Bwana Fisi, aliyetuonyesha mbele ya watu wote kinachotokea usipomenya."